Meno Manane ya Tashkent

Daktari Feruza alimpa kioo, Kunsulu akakikataa.

"Shika basi, mdogo wangu. Tumemaliza. Hakuna sindano tena, hakuna ganzi, hakuna kung'atishwa madude ya plasta. Jitazame."

"Tazama wewe kwanza uniambie," alisema Kunsulu, na mkono wake ukapanda wenyewe ukamfunika mdomo, kama ulivyozoea kupanda kwa miaka kumi na tisa.

"Mimi nimekutazama humo mdomoni siku tisa, nimeshakuchoka," Feruza alicheka huku akivua glavu. "Wifi, hebu njoo wewe. Huyu ananishinda."

Raihan, mke wa kaka yake Kunsulu, alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, mkoba kaukumbatia kama anayeogopa kuibiwa. Aliinuka, akaja, akaushika ule mkono wa wifi yake akauteremsha bila kuomba ruhusa. Kisha akatazama. Na Raihan, mwanamke ambaye hata kula kulikuwa hakumnyamazishi, akanyamaza.

"Wifi?" Kunsulu aliingiwa na hofu. "Ni mabaya? Sema!"

"Toba yarabi," Raihan alinong'ona. Machozi yakaanza kumlengalenga. "Kumbe siku zote ulikuwa umefichwa humu ndani?"

Ndipo Kunsulu akakichukua kioo. Alianza na macho, kwa sababu macho yake alikuwa anayajua na hayakuwahi kumtenda ubaya. Akashuka puani. Akasita. Akafungua mdomo kidogo, kwa woga, na mwanamke aliyemo kiooni naye akafungua. Meno manane ya juu yalikuwa yamekaa pale meupe, ila si weupe ule wa sahani. Yalikuwa na mwanga wa ndani, na kwenye ncha yalipungua rangi kidogo kama meno ya mtoto. Hakuna pengo. Hakuna chuma. Kunsulu alicheka kujaribu, akashtuka kujiona anacheka, akacheka tena kwa ajili ya ule mshtuko.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Muulize aliyeyatengeneza," alisema Feruza, akaelekeza kidevu mlangoni.

Doniyor alikuwa amesimama kizingitini, mikono imejaa vumbi la kauri hadi viwikoni. Ndiye fundi wa meno, mdogo wake Feruza. Dada alichonga na kugandisha, mdogo wake akatengeneza. Alikuwa anamtazama Kunsulu kwa namna ambayo Kunsulu alilazimika kukirudisha kioo usoni ili apate mahali pa kujificha.

"Tulia hivyohivyo!" Raihan alishazinduka, simu iko hewani. "Cheka. Cheka vizuri! Mama Kairat anaingoja hii picha tangu asubuhi."

Kile kicheko kikafa palepale, lakini picha ilikuwa imeshapigwa.

Nieleze kidogo, maana asiyemjua Kunsulu wa zamani hawezi kujua maajabu ya siku ile. Alikuwa na miaka kumi na miwili mwanafarasi alipomrushia teke la mdomo huko kwao, nje kidogo ya Shymkent. Meno mawili ya mbele yakavunjika, ya pembeni yakalala upande. Hospitali ya wilaya wakamfunika jino moja kwa kofia ya chuma, ndiyo waliyokuwa nayo, na watoto wa shule wakampa jina la Bati. Msichana akaacha kucheka. Alipokua akapata kazi ya kuuza dawa, na ulipokuja ule ugonjwa wa kuvaa barakoa, Mungu anisamehe, lakini Kunsulu alifurahi. Watu walizivua wakazisahau. Yeye aliendelea kuivaa ya kwake hadi wateja wakadhani ana kifua kibovu.

Halafu akaja Mama Kairat. Mwanawe ana duka la vipuri vya magari, ana nyumba ya matofali, hanywi. Mama huyo alimwona Kunsulu harusini, barakoa usoni, akayapenda macho. Baadaye akaja nyumbani kunywa chai, barakoa ikabidi ivuliwe, na mama wa watu akaweka kibakuli chini. Alipokuwa anaondoka ndipo akamwambia Raihan mlangoni, kwa sauti ya mtu anayechagua zulia: "Binti ni mzuri, ila huo mdomo. Rekebisheni mdomo, nami nitakuja na hereni."

Na kwa Wakazakh, mama mkwe akishamvisha binti hereni, hakuna tena wa kumposa.

Shymkent daktari wa meno alitaja bei ambayo kaka yake Kunsulu angeuza farasi wote na zizi juu yake. Tashkent, kwa Wauzbeki, saa mbili tu za barabara na mpaka unavukwa kwa miguu, walitaja theluthi. Nusu ya mtaa walishakwenda huko wakarudi wanang'aa. Hivyo Raihan akafunga mizigo, wakavuka, wakapanga chumba uani kwa Mama Saodat, mama yake Feruza na Doniyor, ambaye nyumba yake upande wa barabarani ni kliniki na upande wa ndani ni ua wenye mforosadi na tanuri. Siku tisa. Hereni ni Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Sasa tatizo lilianza siku ya pili.

"Cheka," Doniyor alimwambia siku hiyo, amekaa mbele yake na daftari la kuchorea.

"Nicheke nini?"

"Chochote. Siwezi kumtengenezea mtu meno sijamwona anavyocheka. Nitakutengenezea meno ya kwenye tangazo."

"Mimi sicheki, fundi."

"Kila mtu anacheka."

"Nacheka kwa ndani."

"Huko ndani sina taa ya kumulikia."

Siku ya tatu akaleta vichekesho, vibaya vyote. Siku ya nne akasema basi, amekata tamaa, akarudi nyuma akakaa mezani kwake bila kutazama, na juu ya meza hiyo palikuwa na meno ya plasta ya mzee wa jirani. Yakamng'ata makalioni. Aliruka juu akapiga ukelele, ameyashika yale meno ya mzee mkononi, uso wote umemkaa vibaya. Kunsulu alicheka. Alicheka mdomo wazi, na mapengo yake, na chuma chake, hadi akajishika mbavu, na alipokumbuka kujifunika alikuwa amechelewa.

"Hapohapo," Doniyor alisema kwa sauti ndogo. Maumivu alishayasahau. "Usiache. Nakuomba."

Tangu siku ile chai ya jioni uani ilianza kuchukua muda mrefu mno kwa watu wawili ambao mmoja ni mgonjwa na mwingine ni fundi. Raihan aliona. Raihan anaona kila kitu.

* * *

"Naenda kumshukuru fundi," Kunsulu alimwambia wifi yake, baada ya kioo.

"Mshukuru kwa maneno mawili. Gari linakuja sasa hivi."

Karakana ya Doniyor ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la uani. Kabati kubwa la ukutani lilijaa visanduku vyenye majina, kila kisanduku na meno ya plasta ya mgonjwa wake. Lakini kwenye ukingo wa dirisha, karibu na taa yake ya kazi, palikuwa na plasta moja peke yake, bila kisanduku. Kunsulu aliitambua kabla hajaisogelea. Pengo. Meno yaliyolala. Ile kofia ya chuma, ambayo kwenye plasta haikuwa chuma tena bali jino nene tu, jeupe kama mengine.

"Haya si ya kutupa?" aliuliza.

"Ya wengine hukaa kabatini mwaka, halafu hutupwa."

"Na haya?"

Doniyor alipangusa mikono kwenye aproni, mikono ambayo ilishapanguswa. "Haya sijapata pa kuyaweka."

"Fundi, hayo ndiyo yaliyonifanya nisicheke maisha yangu yote."

"Hayo ndiyo niliyoyaona yakicheka," alisema Doniyor. "Haya mapya nimeyaona leo tu."

Kunsulu akapitisha ulimi kwenye meno yake. Kuna kitu alikuwa amekigundua tangu pale kiooni, akaona aibu kukisema mbele ya Feruza. "Hili la kushoto, limempanda mwenzake kidogo. Ulikosea?"

"Nikosee mimi?" Fundi aliumia kweli, uso ukamwiva. "Jino hilo nimelitengeneza mara tatu. Mara ya kwanza lilinyooka. Nikayaweka yote kwenye plasta, nikatazama, nikaona msichana mzuri sana ambaye simjui. Nikalivunja. Mara ya pili, msichana yuleyule, simjui. Mara ya tatu nikalipindisha unywele mmoja, kama lilivyokuwa lako. Nikakuona wewe. Nilikaa hapa nikakutazama mpaka chai ikapoa."

Kunsulu alisimama pale, hana pa kuweka mikono. Tangu teke lile watu walikuwa wamemtazama mdomo kwa huruma, kwa kicheko, kwa hesabu ya mama mkwe. Hakuna aliyekuwa ameutazama kama kitu cha kutafutwa. Mtu mzima, mwenye kazi zake, alikaa siku mbili akivunja na kuanza upya ili jino moja lipinde unywele. Moyo ulimjaa hadi akaona hofu, kama mtu aliyeingizwa kwenye nyumba kubwa ambayo hakualikwa.

"Jumamosi," alisema, "Mama Kairat anakuja na hereni."

"Najua. Wifi yako ameniambia mara sita. Jana aliniambia mara mbili kwa chai moja."

"Na wewe huna la kusema?"

"Mimi ni fundi, Kunsulu. Mtu analeta kazi, naifanya, namkabidhi. Ukitaka niseme, nitasema. Ila sitasema halafu upande gari kana kwamba sijasema."

"Doniyor..."

"Gari limefika!" Raihan alikuwa mlangoni, skafu imekwenda upande. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Eti maneno mawili! Haya, toka. Fundi, asante, Mungu akubariki, kazi yako ni ya malaika. Toka, wifi."

Akamburura hadi nyuma ya mforosadi.

"Unataka kaka yako anichinje?" alinong'ona kwa ukali. "Atasema nilimpeleka dada yake kutia meno, nikamrudisha katiwa wazimu!"

"Sijafanya kitu, wifi."

"Macho yako yamefanya. Nisikilize. Huyu ni Mwuzbeki, wa nchi nyingine. Hapa bi harusi anaamka kabla ya jua kufagia ua, mwaka mzima, na mtaa mzima unasikiliza kama ufagio unalia! Wewe unaamka saa mbili na bado unanuna. Na chai yao hii ya majani, siku tisa sijaona tone la maziwa, tumbo langu limekuwa kisima. Utaishi hivyo?"

Ulimi wa Kunsulu ulikuwa kwenye lile jino.

"Kairat ni mtu mzima, ana nyumba," Raihan alilegeza sauti, akamtengeneza nywele. Alimpenda wifi yake huyu, alimlea tangu alipoolewa. "Ulikuwa unalala na barakoa, Kunsulu. Nimeingia chumbani kwako nikakukuta umelala nayo. Sasa mlango umefunguka. Usinitie mimi katika kuufunga."

* * *

Mama Saodat alikuwa ametoka kutoa mikate kwenye tanuri. Aliitandika mezani uani juu ya kitambaa, midogo ya mviringo, ya moto, imepambwa kwa muhuri katikati, na harufu yake ikamfuata kila mtu hadi langoni. Feruza alitoka kliniki kuaga. Doniyor alibaki kwenye mlango wa karakana. Nje dereva alipiga honi.

"Mama, tumeshiba wema wako," alisema Raihan, akainama akamega kipande kidogo, akakitia mdomoni. Kwao Mkazakh haondoki nyumba ya watu bila kuonja mkate, hata kama ana haraka ya kuzaa. "Wifi, onja twende."

Kunsulu akanyoosha mkono amege naye. Halafu akasita. Tangu akiwa na miaka kumi na miwili hakuwa ameng'ata kitu kwa meno ya mbele. Tufaha alilikata kwa kisu, mkate aliuchana kwa vidole akautia pembeni ya shavu, tena amegeuka watu wasimwone. Akauchukua mkate mzima kwa mikono miwili. Feruza akasema, "Taratibu, ganda lake ni gumu," lakini Kunsulu hakusikia. Akafumba macho, akang'ata.

Meno yaliingia. Yaliingia yote manane kwa pamoja, ganda likavunjika kwa mlio mdogo, na mvuke ukampanda puani. Alifumbua macho akaona alama aliyoiacha: nusu duara safi, meno manane, na upande mmoja kijino kimoja kimejitanguliza mbele ya wenzake. Alitafuna polepole. Alijisikia kama mtoto aliyefika kwa mara ya kwanza mahali ambapo wenzake wote huenda kila siku. Ni jambo dogo jamani, kung'ata mkate. Yeye alitaka kupiga magoti.

"Asante, mama," alisema mdomo umejaa. "Nimeonja." Akaurudisha mkate mezani, uso wa muhuri juu, kwa adabu, akainama kuchukua begi lake.

Alipoinuka, ua wote ulikuwa unautazama ule mkate.

Mama Saodat alikuwa ameuchukua ule mkate, ameukumbatia na kitambaa chake. "Mwanangu," alisema, "umeng'ata kwa kukusudia?"

"Nimekosea, mama? Kwetu mtu akiondoka huonja."

"Kumega ni kuonja," Feruza alisema taratibu, akimtazama mdogo wake. "Kung'ata mkate mzima ukauacha, hiyo ni nyingine. Hapa kwetu hufanya hivyo mtu wa nyumbani anayekwenda safari. Mkate aliong'ata hutundikwa, na hakuna anayeugusa hata mwaka upite. Unamngoja mwenyewe arudi aumalize."

"Unaona msumari ule?" Mama Saodat alionyesha ukutani juu ya mlango wa jikoni. "Doniyor alipokwenda Seoul kufundishwa kazi, mkate wake ulikaa pale miaka mitatu. Ulikauka kama kigae. Aliporudi aliulowesha kwenye chai akaula hadi punje ya mwisho, mimi nikiangalia. Tangu siku hiyo msumari ule mtupu. Mkate wa mtu hausahauliki, mwanangu. Nikiutundika, nitakungoja kweli. Mimi mwanamke mzee, sijui kungoja kwa mzaha."

"Hautundikwi!" Raihan alitua mkoba chini. "Mama yangu, nakuheshimu, ila huyu hakujua. Kuna dawa yake? Hapakosekani dawa."

"Dawa yake aumalize," alisema Mama Saodat. Hakumtazama mwanawe. "Akiumaliza kabla ya kuvuka kizingiti, hakuna kinachomngoja."

"Basi ataumaliza. Kaa, wifi. Kula. Nitakusaidia."

"Hapana. Ni wa aliyeung'ata peke yake."

Kunsulu akakaa. Wote wakakaa, maana ni aibu mtu kula peke yake watu wamesimama, isipokuwa Doniyor, aliyeegemea mlango wake, mikono kifuani. Feruza akamimina chai. Honi ikalia, Raihan akapiga kelele, "Ngoja, tunakula!" kama vile ni jambo la kawaida.

Kunsulu alianza kula. Mkate ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma. Kila alipong'ata alihesabu moyoni kilichobaki: robo tatu, nusu, robo. Alimtazama Doniyor mara moja tu, akamkuta anatazama mkate, si yeye. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri nje ya chumba cha hospitali. Sema basi, alimwambia kimoyomoyo. Lakini alijua kwa nini hasemi. Alikuwa amemwachia yeye.

"Unaona, unakwisha," Raihan alimtia moyo. "Kula, kipenzi."

Simu yake ikalia. Raihan alichungulia, akachangamka. "Mama Kairat! Ameiona picha. Sikilizeni wote, msikie kazi yenu inavyosifiwa." Akabonyeza, akainua simu juu.

Sauti ya Mama Kairat ikajaa ua mzima.

"Mashallah, Raihan, wamejitahidi. Amekuwa mtu. Ila nimeikuza picha, nimeona lile la kushoto limempanda mwenzake. Waambie walinyooshe kabla hamjatoka huko, mmelipa. Sitaki Jumamosi watu waje waulize. Na ajizoeze kucheka bila kuonyesha fizi."

Simu ikanyamaza. Raihan aliishusha polepole, kama kitu kilichomwagika.

Doniyor alijitoa mlangoni, akaja hadi mezani. "Naweza kulinyoosha," alisema. "Ni kusugua kidogo. Dakika ishirini. Haliumi." Kisha akamtazama Kunsulu machoni, kwa mara ya kwanza tangu mkate ung'atwe. "Nimeambiwa niseme, nikakataa. Sasa nasema. Nikilisugua jino hilo, mkono wangu utafanya na moyo wangu hautaki. Nakupenda. Nilikupenda una chuma mdomoni. Lakini meno ni yako, na ukisema nilinyooshe, nitalinyoosha."

"Ee Mungu," alisema Feruza chini chini.

Kunsulu alikuwa na kipande mkononi. Alikitazama. Ndipo Raihan, anayeona kila kitu, alipoona kile ambacho wengine wote hawakukiona: wifi yake alikuwa ameugeuza mkate tangu mwanzo, akaula kutoka upande wa pili. Kipande kilichobaki kilikuwa cha ukubwa wa kiganja, na ukingoni mwake ilikuwa palepale, nzima, ile alama ya kwanza. Meno manane, na kijino kimoja kimejitanguliza.

Kunsulu akakiweka mezani. Uso juu.

"Nimeshiba," alisema.

"Kipande cha hivyo?" Raihan alisema, ila sauti haikuwa na nguvu. "Tonge mbili tu hizo, wifi. Malizia."

"Nimeshiba, wifi." Na akatabasamu. Alitabasamu mdomo wazi, mbele ya watu wanne na mchana wa Mungu, fizi na kila kitu, na mikono yake yote miwili ilikuwa imetulia mapajani. Mama Saodat akafunika uso kwa skafu akaanza kulia kimya kimya. Doniyor alitafuta mahali pa kukaa akakosa, akakaa chini.

Raihan alimtazama wifi yake kwa muda mrefu. Alikumbuka ile barakoa juu ya mto. Alikumbuka mlango, na yule mama aliyechagua zulia. Alikuwa na maneno mengi sana tayari mdomoni, ya kaka, ya ufagio, ya mpaka, na yote akayameza. Akakichukua kile kipande kwa ncha za vidole, kisiguswe ilipo alama, akampa Mama Saodat.

"Msumari wenyewe una nguvu?" aliuliza. "Nisisikie umedondoka."

"Ulibeba miaka mitatu, binti yangu."

"Dada Raihan," Doniyor alisema kutoka pale chini. "Nikija Shymkent kesho, na mama, na dada, kumwona kaka yenu kabla ya Jumamosi, nitapewa chai?"

Raihan akainua mkoba wake, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Akamwacha angoje kidogo, maana alistahili kungojeshwa.

"Utapewa," alisema. "Ya maziwa. Na utainywa yote."

Dereva akapiga honi ya tatu. Mama Saodat alikuwa ameshapanda juu ya kigoda, anafunga kitambaa kwenye msumari. Kunsulu alichukua begi mkono mmoja, mkono mwingine akabeba mikate ya njiani, akatoka langoni anacheka, hana mkono wa kujifunikia wala hakuutafuta.